Mkono wa Taifa

Wanaotaka ukweli wakanunue magazeti. Mimi nina habari za Vimbeni, nchi ambayo haipo, haijapata kuwapo, na mpaka wake haujawahi kugusana na wa kwenu. Kwa hiyo asitokee mtu katikati ya masimulizi akaniambia anaijua, maana nitamuuliza ameijuaje.

Vimbeni ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, Bunge lake tukufu liligundua kwamba nchi ilikuwa bado inatawaliwa. Wakoloni walipoondoka walifungasha kila kitu, bendera, farasi, hata vitasa vya milango, lakini walisahau mita na kilo. Wabunge wakashikwa na uchungu. Iweje mtu huru, mwenye wimbo wake wa taifa, aingie dukani kununua kitambaa cha suruali kwa kipimo cha mtu aliyemtawala babu yake? Mbunge mmoja alilia hadi kikao kikaahirishwa. Kesho yake ikapitishwa kwa sauti moja kwamba nchi irudi kwenye vipimo vya mababu, shibiri na dhiraa na pima, vipimo vinavyotoka kwenye mwili wa binadamu.

Ila mababu nao walikuwa na mambo yao. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, sawa, lakini kiwiko cha nani? Zamani ukoo ukitaka kitambaa ulimtuma dukani yule mwenye mikono mirefu kuliko wote, na mwenye duka naye alimkalisha mezani mpwa wake mfupi, wakabishana hapo hadi adhuhuri. Serikali haiwezi kubishana hadi adhuhuri. Ulitakiwa mwili mmoja kwa nchi nzima.

Waziri mmoja mwenye busara alipendekeza mwili wa Mkuu wa Nchi mwenyewe, ambaye cheo chake rasmi ni Mkuu Asiyepungua. Mafundi wakaingia Ikulu na kamba zao. Walitoka kimya kimya, na jambo hilo halikuzungumzwa tena, wala mafundi wenyewe hawakuzungumziwa tena. Wiki hiyo hiyo ndipo Kondo Mwinyigogo aliposhinda.

*

Kondo alikuwa mtunisha misuli, bingwa wa Vimbeni mara tatu mfululizo. Alianza kama mbeba marobota ya katani kwenye ghala moja, akagundua kwamba wenzake wakibeba wanachoka na yeye akibeba anavimba. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa na shingo iliyoanza masikioni, na mapaja yaliyomlazimu kutembea kwa kupisha mguu mmoja baada ya mwingine. Hakuweza kujikuna mgongo wala kufunga kamba za viatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kuwa Kondo hakuweza kuinama, vyote vya mvunguni nyumbani mwake vilikuwa vya mkewe, Siwatu.

Watu waligawanyika juu yake. Kwa vinyozi wapo walioapa kwamba huyo sasa ndiye mwanamume, wengine wote ni rasimu. Wapo waliosema ule ni ugonjwa uliopakwa mafuta. Wakamtaja na mtu wa madawa ya mifugo aliyekuwa akimwuzia sindano, na tumbo lake lililoanza kusukuma mbele chini ya ile misuli. Kondo aliyasikia yote mawili. Yale ya kwanza aliyaamini, na yale ya pili yalimfanya aongeze mazoezi ili ayanyamazishe.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna upande uliolijua. Asiyeijua kazi hii hudhani mwili ule wa jukwaani ndio mtu anaoamka nao kila siku. Sivyo. Mwili ule hupikwa miezi minane na huiva kwa muda wa saa nne tu. Siku za mwisho mtu huacha chumvi, kisha huacha maji kabisa, ngozi ikakauka na kunata juu ya nyama, mishipa ikatoka nje. Hupakwa rangi ya kahawia na mafuta, akapanda jukwaani akitabasamu huku ulimi umekuwa gunia na mapaja yanakakamaa. Usiku wake hunywa, hula, hushukuru Mungu. Asubuhi yule wa jukwaani hayupo tena, yupo jamaa mmoja mwenye uso wa mviringo anayetafuta suruali inayomwenea.

Katika saa nne hizo ndipo mawaziri, waliokuwa wageni rasmi safu ya mbele, walipomwona Kondo akigeuka na kuufungua mgongo wake kama mbawa. Waziri wa Vipimo alisimama. Alitokwa na machozi, akasema kwamba Mungu alikuwa amelijibu Bunge.

Walimpima palepale. Kondo alidhani ni sehemu ya zawadi. Karani mmoja kijana wa wizara alishauri kwa adabu kwamba wapime mfupa, kwa kuwa mfupa haubadiliki na unene hubadilika. Waziri alimtazama kwa huruma. "Mfupa hata mimi ninao," alisema, na karani akahamishiwa wilaya ambayo hata barabara ilikuwa haijahamia.

Sheria ikatoka siku ya tatu. Kipimo cha urefu kikawa Mkono wa Taifa, yaani mzingo wa mkono wa juu wa Kondo Mwinyigogo ukiwa umekunjwa na kutunishwa. Kipimo cha uzito kikawa Kondo mwenyewe, mzima mzima. Siku hiyo sheria ilipokuwa inasomwa redioni, mwenye mkono alikuwa mezani kwake na sahani ya tatu ya chipsi, amekwisha kuvimba vidole viwili nje ya katiba.

*

Sikilizeni, mwanzo ulikuwa mtamu. Askari walimpigia saluti. Alipewa cheo cha Mheshimiwa Mkono na nyumba yenye bustani, iliyoitwa Nyumba ya Kipimo, na wasichana wa kwaya waliimba mlangoni pake kwamba nchi imepata mwili. Mcheza kwao hutunzwa. Mtu aliyebeba marobota mgongoni hadi akatoka sugu, akaambiwa kwamba kuanzia leo kila kanga, kila kiwanja na kila jeneza nchini vitapimwa kwake, kwa nini asifurahi? Kondo alilia kwa furaha, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuruhusiwa kulia.

Siwatu alikuwa fundi cherehani, na mafundi ni watu wa mashaka. Alimwuliza mumewe kama amewaeleza wale wakubwa kwamba mkono ule ulikuwa wa jioni moja tu. Kondo akajibu kwamba mtu hakatizi wimbo unapoimbwa.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema Siwatu. "Wewe umesifiwa mpaka utayatoa maji mwilini."

Hakukosea. Kwenye ofisi ya Mkurugenzi wa Vipimo vya Asili, Bwana Lutambi, mtu mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, kulikuwa na barua yenye mihuri mitano. Ilisema kwamba kipimo cha taifa hakiongezeki wala hakipungui, na kwamba Mheshimiwa Mkono atatunzwa katika hali ileile aliyokuwa nayo jukwaani, daima.

Kondo alijaribu kueleza. Alisema hali ile ni ya muda wa saa nne, na kwamba hata paka hawezi kukaa hivyo wiki mbili. Bwana Lutambi alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea mkono begani, yaani pale ambapo watu wengine wana bega.

"Mheshimiwa," alisema, "wewe si mtu tena. Wewe ni uhakika."

*

Basi Kondo akaanza kuishi kama uhakika. Chumvi ilifutwa. Chakula kilikuwa kuku wa kuchemsha na weupe wa mayai, vikiletwa na mtu aliyevaa glavu. Chumba kilipozwa kwa kiyoyozi kusudi asitoke jasho, maana jasho ni kupungua. Kulia kulikatazwa kwa sababu machozi yana uzito, na kucheka siku za kupima kulikatazwa kwa sababu kucheka humtikisa mtu mzima na kamba hucheza. Siwatu aliruhusiwa kuja Jumamosi, na afisa mmoja akakaa katikati yao na futi mkononi, endapo patatokea hisia.

Kila Ijumaa ilikuwa siku ya kupima. Kuanzia saa mbili asubuhi foleni ilizunguka bustani, wauza vitambaa, wapima ardhi, walimu, maseremala, kila mmoja na kamba yake. Kondo alisimama juu ya kigoda, amepakwa mafuta, mkono umekunjwa, na wao wakapita mmoja mmoja kuuzungushia kamba na kukata. Aliposhikwa na mkakamao Bwana Lutambi aliandika kosa kwenye daftari. Nyuma ya foleni walisimama waliokuja kutazama tu. Hao ndio waliomsaidia kusimama. Akisikia mtu ameguna kwa mshangao, damu ilimrudi usoni.

Kuhusu sifa na lawama, serikali ilikuwa imeweka mambo sawa. Mzee mmoja muuza kahawa alisema pembeni ya foleni kwamba huyu bwana amezidi. Alikamatwa, kwani kipimo hakiwezi kuzidi, kitazidi nini? Wiki iliyofuata jirani yake, aliyejifunza kwa mwenzake, alisema kwa sauti kwamba huyu bwana amepungua kidogo, akafungwa chumba kilekile. Watu wakajifunza kusema tu kwamba amekuwa sawasawa na yeye mwenyewe.

Watumishi wa umma walianza kushonesha mashati yenye sponji mikononi ili wafanane na kipimo. Siwatu alishona hadi sindano zikamwishia. Mkuu Asiyepungua mwenyewe alihutubia taifa akiwa na mikono minene kiasi kwamba karatasi ya hotuba ilibidi ishikwe na waziri.

*

Kilichomtesa Kondo kuliko vyote ni kiu.

Aliomba maji siku ya nne. Bwana Lutambi hakuwa mkatili, na napenda hilo lijulikane. Alisema yuko tayari kabisa kumpa maji, mradi yaandikwe kiasi gani. Na hapo ndipo sheria ilipoonekana ina tundu. Lita ilikuwa imefutwa pamoja na ndugu zake, na kipimo kipya cha vitu vya majimaji kilikuwa kinasubiri Kamati ya Vimiminika, ambayo haikuwa imekaa kwa sababu wajumbe wake hawakujua wanywe kiasi gani kwenye kikao. Kwa hiyo hapakuwa na kiasi cha maji ambacho afisa angeweza kukiandika. Kisichoandikika hakitolewi. Wakakubaliana, kwa wema, kwamba apewe kitambaa kibichi cha kupitisha kwenye midomo.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kondo aliota mabomba. Alikuwa anajua sauti ya kila ndoo iliyopita barabarani, ipi imejaa na ipi tupu. Alitamani kukimbia, lakini mtu wa umbo lake akikimbia anakwenda wapi asikojulikana? Nchi nzima ilikuwa na kamba ya mkono wake.

Siku moja akagundua kwamba kiyoyozi kinadondosha matone nyuma ya pazia. Alijisukuma ukutani, akatoa ulimi, akakaa hivyo kutwa nzima, Mheshimiwa Mkono, akilamba ukuta. Sijui kama amepata kufurahi zaidi maishani mwake.

Ijumaa yake mkono ulikuwa umeongezeka vidole viwili, na nchi ikapata msukosuko. Mwenye shamba la mikono elfu mbili alikuta lina elfu moja na mia tisa, akampiga jirani yake kwa kumlia mpaka. Shule zilikuta milango yote imekuwa mifupi. Mahakama zikajaa. Serikali iliunda tume, na tume ikachunguza kwa makini, ikatoa ripoti kwamba mkono uko palepale isipokuwa nchi yote imesinyaa kwa uvivu wa wananchi. Kiyoyozi kiliondolewa, akaletwa mtu wa kupepea.

Joto likamkausha. Mwezi uliofuata misuli yenyewe ilianza kuliwa, mkono ukapungua vidole vitatu, na wakubwa wakagundua kwamba huo nao una baraka zake. Barabara kuu ilirefuka mikono elfu sitini bila kibarua hata mmoja kushika sururu, na Waziri wa Ujenzi akavishwa nishani. Mavuno yakawa mengi kuliko mwaka wowote, ingawa ghala zilikuwa zilezile. Kondo akalishwa mayai zaidi, akarudi, na mavuno yakashuka, wakafungwa maafisa kilimo saba.

*

Daktari Chande alikuwa daktari wa Nyumba ya Kipimo. Alikuwa mtu mwoga na mwaminifu, mchanganyiko mgumu sana kuishi nao. Jumamosi moja alimwomba yule afisa wa futi amtafutie kalamu, na afisa alipotoka tu akawageukia Kondo na Siwatu akasema haraka haraka.

"Figo zinakufa. Na moyo unasukuma kitu kama uji. Akinywa maji leo, akaacha hizo sindano, akakubali kupungua theluthi nzima, ataishi miaka. Akiendelea hivi, mvua za vuli hazioni. Na hata akipona, asirudie tena hata mara moja. Moyo huu hauna mara ya pili."

Aliposikia mlango akaanza kusifu mapaja.

Kondo hakulala siku zile, na kulala kwenyewe kulikuwa kwa kukaa, maana akijinyoosha pumzi zilikatika. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimtaka mkewe, alitaka kitanda, alitaka maji. Aliogopa kufa, na aliogopa waziwazi, kama mtoto anavyoogopa. Akaandika barua ya kuomba ruhusa ya kupungua.

Bwana Lutambi aliisoma mara mbili, na alihuzunika kweli. Akamfunulia ramani ukutani. Alimweleza kwamba mipaka yote ya Vimbeni imeandikwa kwa Mikono ya Taifa kwenye mkataba na majirani. Yeye akipungua theluthi, nchi itakuwa na mikono mingi kuliko iliyomo mkatabani, na majirani wakipima watadhani wamevamiwa. Mheshimiwa Mkono alikuwa tayari kuanzisha vita kwa ajili ya glasi moja? Kondo akasema hapana. Barua ikawekwa jaladani.

Siwatu hakukata tamaa. Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa vizuri, akapita moja kwa moja hadi ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Mimi ni fundi. Fundi akishapima mteja hamfungi dukani, huandika kipimo akamwacha aende. Fueni pete ya chuma iuenee huo mkono. Fueni na jiwe la chuma la uzito wake. Chuma hakinywi maji, hakiugui, hakina mke wa kuja Jumamosi. Kisha nirudishieni mume wangu."

Bwana Lutambi alishika ukingo wa meza. Jambo lenye akili likimjia mtu wa ofisi ghafla humtia kizunguzungu. Halafu akauliza kama wazo hilo anaweza kuliita lake. Siwatu akasema aliite hata la babu yake.

*

Pete ikafuliwa, na jiwe la uzito nalo. Ijumaa moja Kondo alikaushwa, akapakwa mafuta, akakunja mkono kwa nguvu zake zote zilizobaki, na mhunzi akaifunga pete hadi isiingie hata unywele, akaivua na kuichomelea. Ilikuwa pana, nzito, inang'aa. Mkuu Asiyepungua alituma hotuba. Pete ikawekwa juu ya kigoda kilekile, ndani ya kioo, na Kondo akapewa shati lake na cheti cha shukrani.

Siwatu alikuwa mlangoni na jagi. Kondo alikunywa palepale, amesimama, maji yakimwagikia kifuani, akanywa hadi akatetemeka. Hakuna aliyeandika kiasi.

Alikaa nyumbani miezi miwili. Alikula wali wenye chumvi. Alilala kitandani, amenyooka, na Siwatu akaamka mara nyingi kumsikiliza akipumua, kwa raha tu. Daktari Chande alikuja kwa mlango wa uani, akamsikiliza moyo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Siku moja Kondo aliinama akatoa kandambili mvunguni. Siwatu alikaa chini akacheka hadi akalia, na hapakuwa na mtu wa futi.

Alikuwa anapungua. Mikono ilianza kuning'inia, kifua kikashuka, mashati yake ya zamani yakawa mahema. Akipita sokoni hakuna aliyegeuka. Akisimama kununua nyanya aliambiwa ngoja zamu yako, babu. Kwa kinyozi mmoja alisikia watu wakibishana juu ya Mkono wa Taifa, wa kwanza akisema ni ajabu ya dunia, wa pili akisema ni upuuzi, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye, aliyekaa kati yao akinyolewa. Walikuwa wanazungumzia pete. Zamani hata wanaomkosoa walikuwa wake.

Hakumwambia Siwatu. Siwatu aliona tu kwamba mumewe ameanza kusimama mbele ya kioo na mlango umefungwa.

Ijumaa moja alisema anakwenda kutembea. Siwatu akachukua chupa ya maji, kwa kuwa hakuwa anamwacha tena aende popote bila maji, akafuatana naye. Kondo akatembea hadi Nyumba ya Kipimo, akaingia kwenye foleni nyuma ya wauza vitambaa. Siwatu akabaki getini, nje ya kamba ya foleni.

Foleni ilisogea polepole. Watu walipofika kwenye kioo waliguna, mguno uleule aliokuwa anaujua kwa masikio na kwa ngozi. Zamu yake ilipofika alimwomba Bwana Lutambi amruhusu aivae, mara moja tu. Bwana Lutambi alimkazia macho, akachelewa kumtambua, akafungua kioo.

Pete ilipita kiganjani, ikapita kiwikoni, ikapanda, na ilipofika juu Kondo alikunja mkono na kuutunisha kwa nguvu zote. Ilibaki nafasi ya kuingiza ngumi. Nyuma yake mtu akasema kwa upole kwamba babu atoke, wengine wana kazi za kufanya.

"Mkurugenzi," alisema Kondo. "Nirudi."

"Hatuhitaji mtu, ndugu yangu. Tuna chuma."

"Chuma hakigeuki. Hakifungui mgongo. Watu wanaguna, halafu wanakwenda zao. Nikisimama nimeivaa, watakaa."

Bwana Lutambi alitafakari. Alikiri kwamba pete imekuwa ikipungukiwa na shangwe, na kwamba Wizara ilikuwa imelalamika. "Lakini itabidi ikuenee," alisema.

"Itanienea. Nipe miezi mitatu. Siku za mwisho nitaacha maji mwenyewe, msiniwekee mtu."

Bwana Lutambi alimpa fomu, na Kondo akaisaini kwa mkono uliokuwa bado umevaa pete. Alipoinua uso alimwona Siwatu getini, naye alikuwa ameona yote. Kondo alikwenda akasimama mbele yake, kamba ya foleni ikiwa katikati yao, kamba nyembamba ya katani ambayo hata kuku angeiruka.

"Kondo," alisema Siwatu, "mara hii hakuna aliyekufungia."

"Najua."

"Ulimsikia Daktari."

"Nilimsikia."

Siwatu hakugombana. Alikuwa amekwisha kugombana na serikali nzima akaishinda, na hakujua agombane vipi na huyu mmoja. Alifungua chupa akamnyooshea. "Basi kunywa kwanza, halafu tuzungumze."

Kondo aliyatazama maji. Koo lake likapanda na kushuka, na Siwatu akaliona. Kisha Kondo akarudisha mikono nyuma, ile mikono ambayo sasa iliweza kufika nyuma, akasema kwamba ameanza leo.

Siwatu alisimama pale na chupa mkononi hadi foleni yote ikapita. Halafu akayanywa maji yale yeye mwenyewe, akaenda nyumbani.